Ushuhuda Wenye Manyoya

Dwight Purdom aliegesha pikapu mbele ya ofisi ya Zizi la Neema, akazima injini, akabaki ameshika usukani kama mtu ambaye bado yuko barabarani. Mkewe, Darla, aliteremka na sahani ya mkate wa mahindi uliofunikwa kwa taulo la jikoni, maana huku Missouri kwa Wabatisti huendi mikono mitupu, hata kama unachoendea ni kumwacha mtoto. Nyuma yao akashuka mtoto mwenyewe, Tansy, wa miaka kumi na mitano, ambaye mama yake mzazi alikuwa amefariki.

Zizi la Neema ilikuwa shule ya bweni ya kunyoosha vijana kwa Biblia, koleo na samadi. Mkurugenzi wake, Ndugu Verlin Stroud, aliwaketisha, akaumega mkate, akala, kisha akaburuta tenga tupu hadi katikati ya ofisi.

"Hapa kijana anapokelewa kwa ushuhuda," alisema. "Vinywa viwili, kama Maandiko yanavyotaka. Na ushuhuda tunaupima kwa matunda yake. Haya, Dada Darla, tuanze na wewe."

Darla akasafisha koo. Akasema anaitwa Darla Purdom, na hakikutoka kitu. Akasema ana miaka thelathini na minane, akatokwa mdomoni na kifaranga cha njano. Kikamwangukia mapajani, kikalia.

"Amina," alisema Ndugu Verlin, akakitia tengani.

Ndivyo mambo yalivyokuwa ndani ya uzio wa shamba lile. Uongo ulitoka na manyoya, ukweli ulitoka mtupu. Majirani walijua, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kupeleka pale trekta kuukuu akitafuta mteja. Ndugu Verlin tu ndiye aliyekuwa na tafsiri yake. Imeandikwa, mtawatambua kwa matunda yao. Naye matunda aliyaona kwa macho, na mayai yake aliyala kila asubuhi na nyama ya nguruwe. Kwa hiyo neno lenye ndege lilikuwa kweli, na neno lisilo na ndege lilikuwa upepo.

Darla akapata kasi. "Anavuta bangi huyu." Kuku mwekundu. "Anatorokea dirishani kwenda kwa wavulana." Kanga, tena mwenye kelele. "Na mimi ameniita jina ambalo siwezi kulitaja mbele ya mtumishi wa Mungu."

Hapo hawakuona hata unyoya, kwa sababu Tansy alimwita jina hilo kweli.

"Hilo tuliache," alisema Ndugu Verlin. "Halina uzito."

"Na wasije watu wakasema nakitaka chumba chake," Darla akaendelea. "Mashine yangu ya kushonea mablanketi ya viraka iko gerejini, na inakaa vizuri tu."

Neno hilo lilikwama. Darla akawa mwekundu, macho yakamtoka, ikabidi Dwight avute shingo iliyochomoza. Akatoka bata bukini mzima, akamng'ata Dwight kidole, akaenda kusimama chini ya picha ya mwanzilishi wa shule.

"Sifa kwa Bwana!" alisema Ndugu Verlin. "Ushuhuda mnono namna hii hatujaupata tangu aje yule mchungaji wa Arkansas. Ndugu Dwight, zamu yako."

Dwight alikuwa fundi bomba, si mtu wa maneno. "Ni mtoto mgumu," alisema. Akatoka kware mmoja mwembamba, Dwight akamfunika kwa kofia. "Nafanya hivi kwa faida yake." Kuku mweupe.

"Baba, we huoni?" alisema Tansy. "Hao ni uongo wote! Bangi sijawahi hata kuinusa."

Wote wakamtazama mdomo. Wakasubiri. Ndugu Verlin akainama kuangalia chini ya kiti.

"Pole, binti," alisema kwa upole. "Maneno hayazai."

"Kwa hiyo nikisema mimi ni malkia wa Misri?"

Jogoo akatoka akiwika. Ndugu Verlin, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, alisimama na kuvua kofia.

"Acha utani, Tansy," alisema Darla. "Watu wana kazi zao."

 Tansy alitafuta jambo moja ambalo hata Darla asingeweza kulipinga, jambo alilolijua kama anavyojua jina lake. Akalipata. Akamgeukia baba yake.

"Baba hataki niondoke," alisema. "Angeachiwa aamue mwenyewe, tungerudi nyumbani sasa hivi."

Alihisi mtekenyo kooni kabla hajamaliza. Alitoka bata mzinga, dume, mkubwa kuliko wote waliowahi kupatikana pale, na aliposimama na kutandaza mkia ofisi ikawa ndogo.  Dwight alikuwa anatazama viatu vyake. Tansy alikuwa anamtazama Dwight.

Ndugu Verlin alimpapasa ndege mgongoni, akawaza. "Kwa hiyo baba hataki," alisema mwishowe. "Tunda linasema wazi, hataki. Na bado amemleta! Ibrahimu naye hakutaka, jamani, na alipanda mlimani. Hii ni sadaka kamili. Binti, umepokelewa."

Darla akasema inamuuma sana, akatoka kuku mwingine, akaomba arudishiwe sahani yake.

Tansy aliwasindikiza hadi kwenye pikapu. Dwight akapanda, akashusha kioo.

"Nakupenda, mwanangu," alisema.

Wote walisubiri. Darla akanyoosha shingo. Tansy akachungulia chini ya gari, isije ikawa kifaranga, akazunguka upande wa pili, akachungulia tena. Hapakuwa na kitu, ila mavumbi na tone la oili.

Akarudi dirishani, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akashika kitasa cha mlango wa nyuma.

Ndugu Verlin akamwekea mkono begani. "Usimchukie, binti," alinong'ona. "Si wazazi wote wana matunda."

Dwight akawasha injini, akasubiri mwanawe aachie kitasa, akaondoka.