Maneno Yaliyooana

Mashine mpya ya vifungo iliposhushwa, iliwekwa mlangoni pa karakana ikafunikwa turubai, na tangu hapo sisi wa kitengo cha vifungo tulikuwa tukiipita kama watu wanaompita mbwa aliyelala. Kiwanda chetu ni cha sare za shule. Wengine wanakata, wengine wanaunga mikono na kola, sisi tunamalizia vifungo kwa mkono, kila mtu na sindano yake. Hata mtoto mdogo angejua ile mashine imekuja kula ugali wa nani.

Meneja akatutoa wasiwasi. Hakuna litakaloamuliwa, alisema, bila maoni yetu. Mwenye kiwanda angekuja mwenyewe kutusikiliza. Ila kwa kuwa hajui Kiswahili, na kwa kuwa kampuni inatujali mno, tungeletewa mwalimu wa kutufundisha kueleza hisia na maoni kwa Kiingereza cha hali ya juu. Cha hali ya chini tulikuwa nacho: habari za asubuhi, kwaheri, na hapa panauma.

Mwalimu alikuja na tai nyekundu pyu na marashi yaliyotangulia kuingia. Akatuambia Kiingereza kikubwa ni mambo ya ndoa. Maneno yake yameoana zamani, na mtu mstaarabu hayatenganishi. Shukrani zimeolewa na "dhati". Imani imeolewa na "thabiti". Mtu hakubali hivi hivi tu, anakubali "kwa moyo wote". Ukilipa neno mume asiye wake, wenye lugha watakuona mshamba. Nilitaka kumwambia kwamba hata kwetu giza ni totoro na ukumbi hujaa pomoni, na hakuna aliyetuitia mwalimu. Nikanyamaza, maana kazi niliitaka kuliko ubishi.

Aliyeyashika kweli kweli ni wifi yangu. Mimi ndiye niliyemwingiza kiwandani, kaka yangu alipoondoka bila kuaga akamwachia watoto na sufuria. Wifi alishona vifungo huku akinong'ona shukrani za dhati. Siku moja alimwambia mwanawe, kwa Kiingereza, kwamba amefurahishwa kupita kiasi na alama zake za hesabu. Mtoto alidhani mama ana homa.

Tulianza na furaha, tukaingia shukrani, tukafika kwenye kukubali, na hapo tukakaa mpaka tukaota mizizi. Nikauliza, "Mwalimu, na kukataa je?"

"Subira, mama. Kukataa ni somo la mwisho. Kunataka msingi."

"Nani kapanga hivyo?"

"Mpangilio nilipewa na ofisi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaridhika, nikaendelea kukubali pamoja na wenzangu.

Mwenye kiwanda akafika kabla hatujafika kwenye kukataa.

Tulikusanywa kati ya meza za kukatia. Meneja alizungumza kirefu kwa Kiingereza, nami nikadaka vifungo, mashine na gharama, yaliyobaki yakanipita. Kisha akamgeukia wifi akamwambia atoe maoni ya kitengo chetu. Wifi alisimama, akanyoosha aproni, akasema ana imani thabiti kuwa pendekezo ni jema na kwamba tunalikubali kwa moyo wote. Hakujikwaa hata mara moja. Maoni aliyajua vizuri. Pendekezo lenyewe lilikuwa kwa Kiingereza ambacho hatukufundishwa. Mwalimu alifumba macho kwa raha. Mwenye kiwanda akapiga makofi, na Meneja akapiga zaidi.

Nikasimama bila kuitwa.

"Meneja, sisi hatukubali," nikasema kwa Kiswahili changu. "Ile mashine ikifunuliwa leo, kesho watoto wetu wanalala njaa. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Mgeni akamwinamia Meneja kuuliza nimesema nini. Meneja akajibu kwa kifupi, na kwa mara ya kwanza tangu kikao kianze nikaelewa kila neno. Alimwambia natoa shukrani za dhati. Mgeni akaweka mkono kifuani, akaniinamishia kichwa.

"Sikusema hivyo," nikasema.

"Kaa, mama," Meneja akaniambia taratibu. "Mgeni ana ndege ya kuwahi."

Turubai liliondolewa jioni ile ile. Tulikuwa tunakusanya sindano na mikasi yetu wifi aliponisogelea.

"Wifi, si walinipigia makofi? Nilikosea wapi?"

Nilikuwa na hasira na dunia nzima isipokuwa yeye. Nikamshika mkono, nikamwambia hakukosea hata neno moja.