Ombi la Tatu

Gundi ya viatu haitoki kwa sabuni. Kila Jumapili, kabla ya misa ya kwanza, fundi viatu alikaa kwenye kigoda mlangoni kwake, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa na kusugua vidole kimoja kimoja. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma Maombi ya Waamini parokiani, na kitabu cha kanisa hakishikwi kwa mikono inayonata. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na minne. Shule aliiacha darasa la tano, lakini sauti alikuwa nayo, na padri aliyemteua alisema sauti haiombwi cheti.

Maombi yalikuwa matano. La kwanza lilihusu Kanisa, la pili viongozi wa nchi, la tatu wenye njaa duniani, la nne wagonjwa, la tano marehemu. Kila alipomaliza ombi alisema, "Ee Bwana," na kanisa zima likaitikia, "Twakuomba utusikie." Ombi la tatu, likisomwa kwa mwendo wa kawaida, lilichukua muda wa mtu kufunga kamba za viatu vyote viwili.

Jumapili moja baada ya Pasaka, aliposoma ombi la tatu, wenye njaa walikuja. Walikaa kwenye mabenchi mawili ya nyuma, yale yasiyofikiwa na feni. Walikuwa kama thelathini, wengine wamepakata watoto wenye vichwa vikubwa. Watu walipoitikia, mabenchi yakabaki matupu, na fundi akaendelea na wagonjwa.

"Leo tumepata wageni," mama mmoja alisema nje, akitafuta mwavuli wake.

"Tumepata, ila hawakai," mwenzake akamjibu.

Wakawa wanakuja kila Jumapili. Wakati wa ombi la pili mtu angetegemea viongozi wa nchi nao waje, lakini hao hawakuja hata mara moja. Watu wa nyuma walizoea kuwapa wageni kitu, kipande cha mkate au ndizi. Kilichomezwa kiliondoka nao. Kilichobaki mkononi kilianguka sakafuni, na mfagiaji alipeleka malalamiko kwenye baraza la parokia kwamba sisimizi wameingia hadi sakristia.

Jumapili ya nne fundi aliinua macho kutoka kitabuni akamwona dada yake.

Alikuwa hajamwona kwa miaka ishirini na sita. Mwaka ule mvua ilikata, na dada yake, mdogo wake wa kumfuatia, alikuja mlangoni kwake mchana akiwa na mtoto mgongoni. Fundi alimwambia hata wao wanalalia maji. Nyuma yake, chini ya kitanda, kulikuwa na gunia la mahindi lililojaa. Dada yake akasema, "Sawa, kaka," akageuka na kushika njia. Fundi aliungama jambo hilo kwa mapadri watatu tofauti, na wote watatu walimpa Salamu Maria kumi. Alizisali zote thelathini. Gunia halikutoka chini ya kitanda.

Siku hiyo nyumbani alimwambia mkewe. Mkewe alikuwa anachambua maharage.

"Amekonda?"

"Amekwisha."

"Basi usisome wewe. Kaa nyuma umuulize anakoishi, ukamlete." Akatupa kijiwe. "Nyumba hii ina kitanda cha ziada tangu binti aolewe, na wewe unalaza viatu juu yake."

Kusoma akapewa mwalimu wa hesabu, mwanamke aliyesoma kama mtu anayekimbilia basi. Fundi akakaa benchi la nyuma na mfuko wa viazi vya kuchemsha mapajani. Ombi la tatu lilipoanza, dada yake alikuwa ubavuni pake, mwepesi kiasi kwamba benchi halikulia.

"Dada."

"Kaka, umezeeka," akasema dada yake, na kanisa likaitikia.

Jumapili iliyofuata fundi alimuuliza anaishi wapi, na swali lenyewe lilikula muda wote. Iliyofuata dada yake alikuja na jibu tayari. "Mbali," akasema, na akaondoka na nusu kiazi. Nusu nyingine ilidundia kiatu cha fundi.

Fundi alimfuata mwalimu uwanjani.

"Mwalimu, lile la tatu, litulize kidogo. Nina mtu wangu pale."

"Fundi, mimi nikianza kupunguza mwendo kwa kila mwenye mtu wake, tutatoka hapa Krismasi."

Akaenda kwa padri. Padri alikuwa kijana mwenye huruma, mwenye misa tatu za kusoma na pikipiki mbovu. Alisema angependa sana, lakini misa ya pili inaingia saa tatu kamili. Akamwelekeza kwa mwenyekiti wa baraza la parokia, mama ambaye watu wote walimwita Mama Ratiba, na yeye alijua. Mama Ratiba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba, sisi tunawaombea," akasema. "Kila wiki bila kukosa. Kuna parokia hata hawawataji."

Wakati huo dada yake alikuwa anapungua. Kila Jumapili shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko ya Jumapili iliyopita, na fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kukadiria ngozi kwa jicho, aliona hazijabaki Jumapili nyingi.

Kilichomfungua macho ni kikohozi. Mwalimu alimaliza ombi la tatu, akataka kusema "Ee Bwana", kikohozi kikamkaba. Akakohoa mpaka akaomba maji. Muda wote huo wenye njaa hawakutoka. Dada yake alimaliza kiazi kizima na kulamba chumvi kwenye vidole. Mwalimu akapata pumzi, akasema "Ee Bwana," wakaitikia, na hapo ndipo mabenchi yalipobaki matupu.

Fundi akaelewa kuwa si urefu wa maneno. Walikuwa wanafukuzwa na kiitikio.

Akaomba kurudishiwa zamu yake. Mwalimu alimwachia bila kinyongo, kikohozi kilikuwa bado kinamsumbua. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, na mbele ya altare kulikuwa na matoleo: mikungu ya ndizi, trei za mayai, magunia ya unga, maboga, kuku wawili waliofungwa miguu. Fundi alisoma kwa ajili ya Kanisa, akasoma kwa ajili ya viongozi. Akasoma ombi la tatu, taratibu, neno kwa neno. Kisha akafunga kitabu, akashuka mimbarini, akatembea katikati ya kanisa hadi nyuma. Mkewe alikuwa keshafungua sufuria ya maharage.

Kanisa lilisubiri. Padri alisimama amefumbata mikono.

Dada yake alianza kula. Akina mama wawili wa karibu wakatoa biskuti za watoto wao kwenye mikoba wakagawa. Mzee mmoja alitoa chapati aliyoificha kwenye koti kwa ajili ya baada ya misa, akaitazama, akaikata nusu.

"Niambie sasa ulipo," fundi akasema.

"Ngoja nimeze, kaka. Tumbo limesahau, nikiliharakisha linarudisha."

Anayekula haharakishwi. Fundi akangoja. Na kwa kuwa ombi lilikuwa wazi, waliendelea kuja. Mabenchi ya nyuma yalipojaa walikaa kwenye njia ya katikati, halafu kwenye njia za pembeni, halafu mlangoni na uwanjani hadi kwenye maegesho. Waliongea lugha nyingi, kwa sauti za chini. Hawakumpora mtu. Walisimama tu, na dunia ina watu wengi. Waliokuwa wamekaa walivuta mikoba yao mapajani.

"Dada, mwaka ule gunia lilikuwepo," fundi akasema.

"Najua. Harufu ya mahindi haifichiki, na mimi nilikuwa na siku tatu sijala. Ningeisikia toka ng'ambo ya mto."

"Mbona hukusema?"

"Ungenijibu nini? Ulikuwa na watoto wanne." Akameza. "Yule wa mgongoni hakufika."

Fundi akamwongezea maharage. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Mbele, mwanamke mmoja mgeni alikuwa amefika kwenye matoleo. Alionyesha trei za mayai kwa kidole, akamuuliza katekista jambo kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, na wote wakaelewa.

"Hayo ni ya Bwana," katekista akasema.

Mwanamke akatazama huku na huku kama mtu anayemtafuta mwenyewe ili amwombe. Watu wa benchi la mbele wakaangalia viatu vyao. Kuku mmoja alilia. Mtoto wa kigeni akaweka mkono juu ya boga, akauacha hapo.

Dada yake fundi alijifuta mdomo kwa upande wa kanga.

"Haya, sikiliza vizuri," akasema. "Ukifika mwisho wa reli, ulizia njia ya wafugaji. Utatembea siku mbili, utakuta kisima kilichokauka. Hapo usishike kulia. Shika—"

"Ee Bwana," Mama Ratiba akasema kutoka benchi la mbele. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayefunga dirisha.

Na kanisa likaitikia. Liliitikia kwa pamoja, sauti zote nne za kwaya, wazee kwa watoto, kwa nguvu kuliko siku zote, mpaka vioo vikatetemeka. Njia ya katikati ikawa tupu. Uwanja ukawa mtupu. Sakafu ilijaa biskuti, maharage na nusu chapati.

Fundi alibaki ameshika mwiko. Mkewe alikuwa anamtazama.

"Hata wewe," mkewe akasema.

Fundi akagusa midomo yake. Ilikuwa bado wazi, kwenye neno la mwisho. Kwa miaka hamsini midomo hiyo ilikuwa ikiitikia, tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na haikumngoja.

Padri aliinamisha kichwa, kisha akasoma mwenyewe ombi la wagonjwa na la marehemu. Matoleo yalibarikiwa. Wiki ile baraza lilikutana, likatoa tangazo kwamba chakula kisiingizwe kanisani, na kwamba ombi la tatu libaki kama lilivyo, kwa kuwa ni zuri. Mwalimu wa hesabu akarudishiwa zamu.

Jumapili iliyofuata fundi alikaa benchi la nyuma mikono mitupu. Hakujua kama dada yake angekuja. Siku sita alikuwa amerudia maneno mawili, akiyapunguza, akiyapima, ili yatoshe: "Kisha wapi?" Kama angeyasema mapema na dada yake akajibu mapema, ingewezekana.

Mwalimu akaanza ombi la tatu. Dada yake akawa ubavuni pake. Hakuwa na unene wa kutosha kumzuia mtu kuona benchi alilolikalia.

"Kisha wapi?" fundi akasema.

Lakini dada yake alikuwa amekuja na neno lake tayari, alilolibeba wiki nzima kutoka huko aliko, na alikuwa amekwisha kulianza. Alimshika mkono, juu ya vidole vyenye harufu ya mafuta ya taa.

"Kaka, usijilaumu," akasema. "Ulipoitikia nilikuwa nimeshameza."

"Ee Bwana," mwalimu akasema.

"Twakuomba utusikie," wakaitikia wote.