Mto Ukiuliza Jina

Nianze kwa kusema wazi kwamba sina ugomvi na simu. Ninayo yangu, ile ndogo yenye tochi, na nikiwa sokoni Bwera naitumia kuulizia maharage kule Kyarumba kabla wabebaji hawajateremka nayo vichwani. Watu wakisikia kwamba niligombana na mwanangu Blasio kwa sababu ya simu, hudhani mimi ni bibi wa kizamani anayeogopa hata taa ya umeme. Siogopi kitu. Nilikasirika, na nimekasirika hadi leo, na nitaeleza kwa nini. Anayetaka kunicheka anicheke nikishamaliza.

Katika ukoo wetu mtoto hapewi jina kwa kutajwa tu. Mama yangu mzazi, Tabisa, alikuwa na hadithi ya siku hiyo, naye aliipata kwa mama yake. Ni hadithi ya mtoto mchanga anayetumwa kumpelekea chumvi shangazi yake juu mlimani. Usiniulize mtoto mchanga anatumwaje. Hadithi ni hadithi. Njiani anakuta mto, na mto unakataa kumpitisha mpaka aseme yeye ni nani. Mtoto hajajua kusema. Basi msimuliaji anauliza kwa sauti ya mto, "Wewe ni nani?" na nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, inajibu kwa jina la mtoto aliyepakatwa siku hiyo. Wakijibu, maji yanapungua na mtoto anavuka. Wasipojibu, msimuliaji anangoja. Yeye mwenyewe haruhusiwi kujibu, hata akae kimya mpaka moto uzimike. Mito ni mingi kwenye mlima wetu, na kila mto unataka jina upya, kwa hiyo hadithi inapokwisha hakuna aliyemo chumbani asiyemjua huyo mtoto, wala anayeweza kusema kesho kwamba hamhusu.

Naisimulia kwa Lhukonzo, lugha yetu, na naisimulia vizuri. Sijisifu bure. Nimewavusha watoto wa watu wengi mito ile, wa ukoo wetu na wa majirani, hata wale ambao wazazi wao walikuwa hawasemezani nami.

Siku moja nilikuwa kwa jirani yangu Enid, kumpa jina mwanawe Sunday. Kati ya waalikwa alikuwepo Nasif, kijana mwenye kiduka karibu na soko, mwenye kompyuta ya kuwaingizia watu nyimbo na filamu kwenye memori kadi za simu zao. Nasif ni kijana wa adabu. Aliniinamia, akasema, "Mama Blasio, naomba nirekodi hii hadithi. Ikae, isipotee." Nikaona ni jambo jema, nikamkubalia. Nilikuwa na mafua siku ile, nikakohoa vibaya kabla ya mto wa pili, na nilipofika penye mlima pikipiki ikapita nje ikipiga honi kama iliyochanganyikiwa. Sikujali. Nani anajali kikohozi watu wanapokuwa wamekaa pamoja?

Ilipita miezi. Siku ya soko, jua la mchana likiwa utosini, nilikuwa nimeinama juu ya magunia yangu niliposikia sauti yangu. Ilikuwa inatoka kwenye spika kubwa ya Nasif, inawapigia kelele wauza nyanya na wanunuzi kutoka Kongo, "Wewe ni nani? Wewe ni nani?" Pale sokoni hakuna aliyejibu; waliojibu "Sunday!" ni watu wa kwa Enid, wamo mle ndani ya spika. Mtu alikuwa anapima vitunguu. Mwingine anagombania chenji. Hadithi ya mama yangu ilikuwa imesimamishwa juani kuita wateja, na mito yote ikawa inavukwa hovyo kwa sababu mashine haingoji mtu.

Nilikwenda pale nimewaka.

"Nasif, nilikubali ukae nayo. Nilikwambia uitembeze?"

"Mama Blasio, usikasirike," akasema, tena kwa upole, na upole wake ukanizidishia hasira. "Weye iko staa sasa. Batu ba Kasese bote beko nasikiliza weye."

"Itoe."

"Nitatoa kwa hapa. Lakini kwa simu ya batu siwezi. Banapeana na blutuuthi, huyu anapa huyu. Imeshaenda, Mama. Ata mimi siwezi iita irudi." Akazima spika, akaniletea kiti. "Lakini fikiria kitu moja. Kule Kasese batoto ya Bakonzo banasema Luganda na Kingereza tu. Sasa banasikia Lhukonzo. Banaipata kwa weye."

Hapo alinishika. Sitasema uongo: nilikaa kwenye kile kiti, nikanywa chai yake, nikarudi kwenye magunia yangu nikijiambia labda kijana ana haki. Wajukuu zangu wenyewe wako Kasese mjini, wananiita Jaja kwa Kiganda, na nikiwasemesha kwa lugha yetu hutazama midomo yangu kama watu wanaosubiri tafsiri. Kama kadi inaweza kuwapa walao maneno, nikasema, basi na iwape.

Kisha Jolly, mke wa Blasio, akajifungua mtoto wa kike. Blasio anauza vipuri vya pikipiki pale Kasese, na ana bidii, hilo simnyimi. Alinipigia simu akasema, "Mama, tutamuita Tabisa." Nililia sokoni mbele ya wateja. Mama yangu hakuacha picha. Hakuacha hata kaburi zuri, kwa kuwa tulimzika wakati mbaya, watu wakiwa wametawanyika. Aliacha hadithi ile na jina lake, na sasa vyote viwili vingekaa chumba kimoja. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: nyumba iliyojaa watu imjibu mto kwa jina la mama yangu.

Nikaenda Kasese. Nyumba ilijaa kweli. Walikuwepo ndugu wa Jolly kutoka Karusandara, majirani, na mzee mmoja mstaafu wa jeshi ambaye kila mtu alimwita afande. Tulikuwa tumetoka kanisani, tumekula, watoto wametandazwa mkekani. Nilifunga kitenge changu vizuri, nikasafisha koo, nikanyoosha mikono nipewe mtoto.

Blasio akaweka spika mezani.

"Mama, weye pumzika tu," akasema. "Umetoka mbali. Ile ya kwa kadi iko muzuri, hainachosha mutu."

Kabla sijapata la kusema, sauti yangu ikaanza. Mimi nimekaa pale, na sauti yangu iko mezani karibu na sahani za mifupa. Nikafungua mdomo kupinga, na mjukuu wangu mkubwa, Evas, mtoto aliyepewa jina langu mimi, akaniwekea kidole midomoni.

"Shh, Jaja! Tunasikia Jaja."

Watu wakafa kwa kicheko. Blasio alicheka hadi akafuta machozi. Na mimi, niseme nini? Nilicheka kidogo pia, kwa aibu, kama anavyocheka mtu aliyeanguka hadharani.

Lakini sikilizeni kilichofuata. Mto wa kwanza ulikuwa umevukwa katikati ya kicheko kile. Tulipokaribia mto wa pili, sauti ya kwenye spika ikakohoa, na watoto wote mkekani wakakohoa. Wote, kwa pamoja, vikohozi vyangu vyote kwa mpangilio wake, na cha mwisho kile cha kukwaruza. Penye mlima wakapiga honi, "Piii! Pi-piii!" Walidhani ni sehemu ya hadithi. Walidhani mama yangu na mama wa mama yangu walikohoa pale, na kwamba juu ya mlima ule kuna bodaboda. Nikamnong'oneza Evas kwamba hicho kilikuwa kikohozi tu, nilikuwa mgonjwa, hadithi haina kikohozi. Akaniangalia kwa huruma.

"Hapana, Jaja. Iko nayo. Weye unasahau."

Nimesahau! Mimi! Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Na ndipo mto ukauliza tena, "Wewe ni nani?" na nyumba nzima, ndugu wa Karusandara, afande, watoto, mwanangu mwenyewe, wakajibu kwa sauti ya kutikisa mabati:

"Sunday!"

Na Tabisa yuko pale mapajani mwa mama yake, macho wazi.

Sikuwa mimi niliyesimama. Alikuwa Jolly. Alinyoosha mkono akaizima ile spika kwa kofi.

"Mutoto yangu hapana Sunday," akasema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Sunday ni mutoto ya nani hapa? Blasio, leo ni siku ya nani? Mama, tafadhali. Sema weye mwenyewe."

Nilimpenda yule msichana siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda, nalisema mbele ya yeyote. Akaniwekea mtoto mikononi. Alikuwa mzito, ana joto, ananuka maziwa, na nikamwona mama yangu kwenye paji lake la uso. Hasira yote ikanitoka. Nikajiambia, haya, yamekwisha, tumerudi nyumbani.

"Sawa," Blasio akasema. Hakuwa na ubaya, naomba mnielewe. Mwanangu si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. "Jolly anasema kweli. Tutarekodi upya. Hii itakuwa ya Tabisa mwenyewe, atakuwa nayo mupaka azeeke."

Akatoa simu yake. Ndugu wa Jolly wakatoa zao. Nikaona simu zimeinuliwa mbele yangu, na nyuma ya kila simu jicho moja limefumbwa.

"Ile ya kwanza ilikuwa na makelele," Blasio akawaambia watu. "Kikohozi, honi. Hii tunataka safi. Tafadhali, batu bote kimya."

"Nyamaza wote!" afande akafoka. "Hakuna kutingisika!"

Nikaanza. Sikuwakumbusha kujibu, na nani angewakumbusha? Walikuwa wametoka kujibu sasa hivi, tena kwa nguvu zao zote. Nilisimulia kama sijawahi kusimulia. Nilimvisha mtoto wangu, nikampa chumvi ya Kabatoro imefungwa kwenye jani la mgomba, nikampandisha njia ile nyembamba ya Kyarumba ambayo mama yangu aliipanda na mimi mgongoni. Chumba kilitulia. Nilifika kwenye mto. Nilimwinua Tabisa juu wote wamwone.

"Wewe ni nani?"

Kimya.

Nikaona Evas anavuta pumzi. Kifua chake kilijaa, mdomo ukafunguka, na alikuwa nalo, nawaapia, jina lilikuwa limeshafika kwenye meno. Blasio akamziba mdomo kwa kiganja. Alimziba kwa upole, huku akitabasamu, simu haikutikisika kwenye mkono wa pili. Nikamtazama Jolly. Midomo yake ilicheza, akatazama zile simu zote, akatazama mumewe, akameza.

Nikangoja, kama nilivyofundishwa.

"Wewe ni nani?"

Mtu mmoja alitikisa kichwa kunitia moyo niendelee. Afande alikuwa amekaa wima, mikono magotini, anatii amri yake mwenyewe. Nyumba ile ilikuwa na watu waliokuja kutoka mbali kwa ajili ya mtoto huyu, watu wenye ndimi na makoo mazima, na wote walikuwa wanautunza ukimya kwa heshima, kwa upendo, ili mashine isikie vizuri. Ningeweza kujibu mwenyewe. Ningelitaja jina na kumvusha, na hakuna hata mmoja wao angejua kwamba nimevunja kitu. Nikamwinua Tabisa juu zaidi, nikauliza mara ya tatu. Sauti yangu haikuwa ya mto tena, ilikuwa yangu, na nilikuwa nawaomba.

"Wewe ni nani?"

Nikashusha mikono.

Wakapiga makofi. Walidhani hadithi imekwisha. Ndugu wa Jolly walipiga vigelegele, afande akasema "Safi sana, mama," na Evas, mdomo ukiwa umeachiliwa, alikuwa analia na hakuna aliyemuuliza analilia nini. Blasio aliweka simu sikioni akasikiliza mwanzo wake kidogo, uso wote umejaa furaha.

"Mama, imetoka muzuri kabisa," akasema. "Hakuna kelele ata moja."

Nikamrudisha mtoto mapajani mwa Jolly. Nikamfunika miguu, kwa kuwa yeye hakuwa na kosa.

"Hiyo kelele ndiyo nilikuwa nangojea, Blasio," nikamwambia. "Mutoto yako iko bado kule kwa mto."