Mateke Ambayo Hakuyahesabu

Ti... ti... ti. Bomba la jikoni lilikuwa likidondosha maji gizani, kabla hakujapambazuka. Mshonaji, macho wazi, akajikuta ameshahesabu matone kumi. Moyo ukamlipuka. Kumi ndiyo hesabu aliyopewa na mkunga: kila jioni alale ubavu wa kushoto, mkono tumboni, ahesabu mateke ya mtoto mpaka yafike kumi, kisha atie alama kwenye kadi. Na huu ulikuwa mwezi wa tisa.

Wiki nzima hakuhesabu hata teke moja. Sare za shule zilimjaa hadi kitandani, cherehani inanguruma na tumbo zima linatetemeka nayo. Angejuaje kipi mtoto, kipi mashine? Basi jana yake, Jumapili, alishika kalamu, akatia alama za siku zote saba kwa mkupuo mmoja, ili mkunga asije akamsema.

Alijilaza ubavu. Akangoja. Akajibonyeza. Kimya.

"Baba Kasuku," alimtikisa mumewe, "mtoto hachezi."

"Kalala huyo. Kwa usingizi kanirithi mimi." Mume alicheka, kisha akazisikia pumzi za mkewe, akaanza kupapasa viatu.

Binti yao wa miaka mitano, aliyeitwa Kasuku kwa kuwa mdomo wake haujui likizo, walikwenda naye hivyo hivyo na nguo za kulalia.

Kliniki, mkunga aliweka tumboni pembe ya kusikilizia moyo wa mtoto, akatega sikio. "Moyo upo, mama." Akaifungua kadi, uso ukamchanua. "Ona hii! Wangekuwa wote kama wewe, mimi ningenenepa. Jana tu kafikisha kumi. Nenda kapumzike, shoga yangu."

Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kuvaa kandambili zake na kuondoka na sifa zake. Alishuka kitandani, mguu mmoja ukaingia. Wa pili ukagoma.

"Dada, kadi hiyo ya uongo."

"Uongo vipi?"

"Alama nilizitia zote siku moja. Sijui mara ya mwisho alicheza lini." Machozi yakamtangulia. "Nilikuwa nashona."

Laiti angegombezwa! Mkunga alimrudisha tu kitandani, akamfunga mikanda ya mashine tumboni. "Mtoto akipungukiwa hewa inayotoka kwenye kondo la nyuma, anaacha kucheza, nguvu anaubakizia moyo. Afadhali umesema."

Kwenye karatasi ya mashine, mstari wa moyo ulishuka, ukajikongoja kupanda, ukashuka tena. Daktari akaitwa mbio, akaagiza mtoto atolewe kwa upasuaji pale pale.

Mshonaji alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, pazia likasimamishwa kifuani. Maumivu hayakuwepo, alisikia tu mikono ikivutavuta ndani yake kama inayopekua begi. Kisha tumbo likawa jepesi. Kwa upande wa jicho alimwona mkunga akipita haraka na kitu kidogo, cha rangi ya zambarau, kikining'iniza mikono, akaingia nacho chumba cha pili.

"Mbona halii?"

Daktari alikuwa akishona, na yeye aliijua kazi hiyo, alijua mtu anavyoinamia mshono ili asiulizwe.

"Nisamehe," alikiambia kile chumba. "Nisamehe, mwanangu. Nisamehe."

Sekunde zilijivuta. Mlango wa kuelekea koridoni ulikuwa haujafungwa vizuri, na kutoka huko nje, karibu kabisa na chumba cha pili, akaisikia sauti ya Kasuku:

"Baba, mtoto analia."