Basi la Jumanne la Balangdalalu

Jumanne, tarehe 9 Machi 1954. Asubuhi hiyo Mbulu ilikuwa na ukungu mzito, na manyunyu yalianguka polepole juu ya mabati ya soko. Nilipanda basi saa kumi na mbili, nimejifunga blanketi juu ya koti. Nauli niliyoiweza ilikuwa ya benchi za nyuma, ambako watu hukaa pamoja na magunia na kuku. Mfukoni nilikuwa na rozari na barua ya binti yangu Angela.

Barua hiyo niliisoma mwenyewe. Kusoma nilijifunza nikiwa na miaka hamsini na miwili, katika darasa la jioni la katekista Nikolausi, na sijawahi kupata barua nyingine kabla ya hiyo. Ilisema hivi: "Baba, kifua changu kimeharibika. Mganga wa zahanati anasema sitaona mavuno. Mtoto wangu ni mzima, ni wa kike. Nataka kurudi nyumbani. Njoo univushe kama ulivyosema."

Desturi yetu Wambulu ni kwamba msichana akipata mimba kabla ya kuolewa, asizalie katika ardhi ya nyumbani. Watu wanaamini mvua itakatika na ng'ombe watakufa. Anapelekwa ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Wabarabaig, azalie huko kwa wageni. Miaka mitatu iliyopita mimi ndiye niliyempeleka Angela, nami nilikuwa nimekwisha kubatizwa. Nilimfikisha mtoni, nikasimama upande wetu, nikamwambia, "Usivuke kurudi mpaka nije mwenyewe nikuvushe." Alivuka peke yake, maji yakimfika magotini. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, lakini nilisubiri kwanza ageuke aende zake.

Barua ilifika Alhamisi, tarehe 25 Februari. Basi la kwenda huko huondoka Jumanne na Ijumaa, kwa hiyo ningeweza kuondoka kesho yake. Lakini wiki hiyohiyo ndugu yangu Ignasi alifiwa na mtoto mchanga, na kwa desturi ukoo wetu ukatengwa. Hatukuruhusiwa kutoka nje ya mashamba yetu, wala kukanyaga njia za wengine, wala kuteka maji wanapoteka wao, mpaka mwezi mpya uonekane.

Nikolausi alikuja akasimama mbali, akaniita, "Nicodemo, nenda! Mungu hamtengi mtu."

Sikwenda. Kila siku ya basi mke wangu Natalia alikunja nguo zangu akaziweka mlangoni, na kila siku ya basi nilizirudisha ndani. Niliogopa kwamba mvua ikichelewa, majirani watasema ni Nicodemo aliyevunja mwiko. Hata Jumatano ya Majivu sikwenda kanisani. Mwezi ulionekana Jumamosi jioni. Nikasema, sasa nitakwenda, na hakuna wa kunilaumu.

Pale Dongobesh alipanda mama mmoja mfanyabiashara wa Katesh, jina lake Mwantumu, na vikapu vitatu vya kuku. Alinisukuma kwa kiuno mpaka akapata nafasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Sogea kidogo, mzee wangu, nyama hizi hazipungui kwa kuombewa." Watu wakacheka. "Unakwenda wapi na rozari mkononi mapema hivi?"

"Balangdalalu. Namtembelea binti yangu."

"Ameolewa huko? Na Mmang'ati?" Ndivyo watu wanavyowaita Wabarabaig.

Nilipaswa kusema kweli. Nikasema, "Ndiyo."

"Ehe! Ulipewa ng'ombe wangapi?"

"Thelathini."

"Thelathini!" Aliwageukia wenzake. "Mzee tajiri huyu, halafu anakaa nyuma na kuku wangu!" Wakacheka tena, nami nikacheka nao. Nilizisogeza punje za rozari, lakini sikuweza kusema Salamu Maria hata moja, kwa sababu mdomo uleule ulikuwa umetoka kusema uongo.

Tulipofika kwenye mteremko wenye utelezi, tairi zikazama. Dereva Yahaya akatoa kichwa dirishani. "Wa mbele kaeni! Wa katikati shukeni! Wa nyuma sukumeni!"

"Na sisi tumelipa, Yahaya!" Mwantumu akapiga kelele.

"Mmelipa nusu, mama. Nusu nyingine iko kwenye matope!"

Tulisukuma karibu saa nzima. Nilisukuma kuliko vijana. Kila mara gurudumu lilipozunguka bila kusogea nilisema moyoni, Bwana, mpe pumzi. Mpe pumzi mpaka jioni tu.

Saa sita tuliufikia ule mto. Siku hizi kuna daraja la magogo. Basi lilipita kwa muda mfupi kuliko ninavyohitaji kusema Amina, na hakuna aliyeangalia nje isipokuwa mimi. Ng'ambo yake kulikuwa na banda la kuzuia mbung'o, wale nzi wa malale. Kila gari linalopita lazima liingie humo lifungiwe, na askari wenye nyavu ndogo walikagua chini ya benchi, kwenye magunia, na migongoni mwetu. Hapo ukungu ulikuwa umekwisha na jua lilikuwa kali. Mlima Hanang' ulionekana wote.

Askari mmoja alikuwa anakula. Akasema tungoje.

Nikamwendea. "Mwanangu, nina mgonjwa."

"Mzee, kila anayepita hapa ana mgonjwa. Nikiruhusu mbung'o mmoja, tutakuwa na wagonjwa wilaya nzima."

Alisema kweli, na hakusema kwa ubaya. Nilikaa chini ya banda nikamwangalia anavyomaliza ugali wake. Mwantumu akaja akakaa karibu nami. Safari hii hakuwa anacheka.

"Mzee, yule binti hajaolewa, sivyo?"

"Hajaolewa."

"Uliponiambia thelathini, macho yako yalikuwa kama ya mtu aliyeibiwa." Akanivunjia kipande cha andazi. "Kula. Utamkuta."

Tulipofika Katesh alishuka, akaniaga kwa mikono miwili.

Basi lilifika Balangdalalu saa kumi. Kijana mwenye kaptura nyeupe alikuwa amesimama kando ya njia akiwatazama wanaoshuka, uso kwa uso. Aliponiona akavua kofia.

"Shikamoo baba. Wewe ni baba yake Angela?"

"Marahaba. Ndimi."

"Mimi ni Alfredi wa zahanati. Mimi ndiye niliyemwandikia ile barua." Akaikunja kofia yake mikononi. "Tulikungoja Ijumaa, baba. Na Jumanne. Na Ijumaa hii iliyopita. Kila siku ya basi aliomba abebwe kwenye kitanda mpaka hapa njiani."

"Yuko wapi?"

"Amefariki Jumamosi. Jioni, mwezi ulipokuwa unatoka."

Nilisimama. Basi liliondoka nyuma yangu. Alfredi alinishika mkono kana kwamba mimi ndiye mgonjwa, tukatembea mpaka boma la Gidamis, mzee wa Kibarabaig aliyempokea Angela. Gidamis alikuwa askari wakati wa vita, Burma, na Kiswahili chake kilikuwa cha jeshi.

"Karibu. Kaa. Mimi sina maneno mingi," alisema. "Kwetu mtu wa kawaida hatuchimbii kaburi. Lakini yeye aliomba. Mimi nilichimba mwenyewe. Maneno ya dini yenu sisi hatujui. Mama yangu aliimba ya kwetu."

Mama yake alikuwa mkongwe, amekaa mlangoni. Mgongoni kwake alining'inia mtoto wa kike, amemkumbatia shingo. Paji la uso lilikuwa la Angela, wazi kabisa. Nilinyoosha mikono. Mtoto akajificha.

Nikapiga magoti kaburini. Nilimwomba Mungu msamaha, kisha nikamwomba Angela, na kwa Angela nilishindwa kumaliza. Siku kumi na mbili tangu barua ifike. Nilikuwa nyumbani, mzima, nikiiangalia mbingu kama ina mwezi.

Niliporudi nilimwambia Gidamis, "Mpeni mtoto nguo zake. Basi linarudi kesho. Nimekuja kumchukua."

Aliwatafsiria wa nyumbani. Mama yake alimkaza mtoto mgongoni. Mtoto akaanza kulia kwa lugha yao, akimwita yule bibi mama.

Gidamis akaniuliza, "Binti yako, nani alimtoa kwako?"

"Desturi."

"Desturi haina miguu. Nani alitembea naye?"

Alfredi aliinamisha kichwa. "Mimi," nikasema.

"Huyu mtoto amezaliwa hapa. Maziwa ya hapa. Sasa unataka kumtoa analia, kama mama yake?"

"Mama yake hakulia," nikasema, na hapo ndipo nilipolia mbele yao wote.

Walingoja. Nilipotulia Gidamis akawaita mke wake na majirani wawili, wakasimama uani pamoja na Alfredi. "Sasa sema unataka nini. Sema kwa sauti. Neno la moyoni hapa halihesabiki."

Nilivua kofia. Mtoto alikuwa ananichungulia juu ya bega la bibi.

"Mimi Nicodemo," nilisema, na Gidamis alitafsiri neno kwa neno, "simchukui mtoto huyu. Nitakuja kila mwezi kwa basi, nikae naye, mpaka atakapotaka mwenyewe kuiona nyumba yetu. Nyumba yangu ikitengwa, nitakuja. Mvua ikikatika, nitakuja. Na Jumapili hii, misa ikiisha, nitasimama mbele ya watu wa kwetu niwaambie kwamba Angela hakufukuzwa na desturi. Nilimfukuza mimi, baba yake. Mungu anasikia, nanyi mmesikia."