Namba ya Spidi Inasoma

Kufikia saa nane mchana wa Jumatatu, simu ya fundi cherehani ilikuwa imelia mara mia mbili na kitu, na yeye tangu asubuhi hajashona hata pindo moja la maana. Angeshona vipi? Kila akikanyaga pedali, simu inatetemeka juu ya meza ya kukatia, mkasi nao unatetemeka pembeni yake, na macho yanahama kwenye kitambaa. Mkono wa gauni la mteja aliutia nje ndani. Akaufumua. Akautia tena, nje ndani vile vile. Mdogo wake wa kike, aliyekuwa anashona vifungo karibu na mlango, alimwambia dada, ama uzime hiyo simu ama ufunge hiyo cherehani, uchague moja tujue tunafanya kazi au tunafanya umbea.

Dada mtu akaufumua tena ule mkono. Simu hiyo asingeweza kuizima, kwa sababu kundi la mtaa, la kutumiana ujumbe, lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyelianzisha miaka miwili nyuma, ili watu waambiane maji yakikatika, gari la taka likija, na mbuzi wa nani anatafuna maua ya nani. Na kwa kuwa hapendi fujo, aliweka sheria moja tu: kila nyumba namba moja. Alijisifu sana kwa sheria hiyo.

Sasa tazama mambo. Alhamisi jioni, kijana wa miaka kumi na sita, mtoto wa nyumba ya nne kutoka kwa fundi, alikutwa amekaa kwenye ngazi za jengo lisilokamilika nyuma ya gereji, kichwa kimeegemea ukuta, amekufa. Hakuwa na jeraha wala povu mdomoni. Nguo zake safi, viatu vyake miguuni. Daktari alisema majibu ya vipimo yatachukua wiki tatu. Wiki tatu, kwa mtaa ambao hauwezi kungoja hata maji yachemke! Mtaani walimwita Spidi, maana alikuwa mkimbiaji: alikimbia mashindano ya shule, alikimbia akienda kuoga, na akitumwa chumvi dukani anarudi kabla hujamaliza kumwambia alete na kiberiti.

Basi kundi likajipa majibu lenyewe. Ijumaa alikuwa amelishwa sumu. Jumamosi alikuwa anatumia madawa, na mtu mmoja akatuma na picha ya vidonge, ambavyo ukivitazama vizuri ni dawa ya minyoo ya mbwa. Jumapili yakawa mapenzi. Mwanamke ambaye katika uhai wa kijana huyo hakuwahi kumwitikia hata salamu alituma sauti ya dakika sita akilia kwikwi, na watu wakambandikia mioyo. Kocha wa riadha, ambaye anakaa nyumba yenye geti la bluu, yeye alikuwa na neno moja tu, na kila baada ya nusu saa alilirudia kwa herufi kubwa: ATAFUTWE ALIYEMWONA WA MWISHO. HUYO ANAJUA.

Kila neno hilo likiingia, fundi aliigeuza simu kifudifudi, kwa sababu huyo wa mwisho alikuwa yeye.

Alhamisi, saa kumi kasoro robo, mdogo wake alikuwa ametoka kwenda kununua nyuzi, na Spidi akaja kusimama mlangoni. Akasema, "Shangazi, naomba nikae kidogo. Kifua kinanibana." Fundi alikuwa na sare za kwaya, magauni kumi na manane, yanatakiwa Ijumaa asubuhi. Kiti cha wateja kilikuwa kimejaa vipande alivyovipanga kwa saizi, na mtu akivivuruga hivyo, umekwisha. Hata kichwa hakuinua. Alisema, "Kiti kina nguo, baba. Nenda nyumbani ukalale." Kijana akajibu sawa shangazi, akaondoka polepole. Spidi, polepole! Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Fundi akaendelea kuhesabu marinda.

Hakumwambia mtu. Kundini aliandika poleni sana wafiwa, akaweka na viganja viwili vilivyokutana, kama wenzake wote. Msibani alienda, akakaa nyuma, akaondoka mapema. Aliwajua majirani zake. Wangesema alimpa kitu akanywa. Wangesema mlango wake haufai, na wateja wangeanza kupita upande wa pili wa barabara. Zaidi ya hayo, na hili hakutaka kabisa kulifikiria, wangesema kweli.

Saa nane na dakika kumi, kijana mwenye duka la fotokopi akatuma skrinshoti. Mtu akitaka, anaweza kuona nani ameusoma ujumbe wake kundini, na nani bado. Yeye alikuwa ameangalia orodha ya waliousoma ujumbe wake, na jina moja akalizungushia duara jekundu. Spidi. Leo, saa nane na dakika mbili.

  Kundi likalipuka.

Wa kwanza walisema ni jini, wakaambiwa waache ujinga, jini anatafuta bando la nini. Kocha akaandika kwamba sasa mambo yako wazi, simu ya marehemu anayo aliyemuua. Watu wakaanza kuipiga. Mmoja akasema imepokelewa, mtu anapumua tu, kisha ikakatwa. Jirani anayegawana ukuta na wafiwa akaandika kuwa wakati mnapiga, yeye ameisikia ikiita ndani ya nyumba hiyo hiyo. Na ndani ya nyumba hiyo anaishi nani? Mjomba, kaka wa mama mtu, aliyehamia mwezi uliopita na ambaye hasalimii watu. Hapo hapo mjomba akavikwa kesi. Kuna aliyemwona na begi. Kuna ambaye siku zote hakumpenda macho yake. Kocha akasema wanaume wote wakutane kwa wafiwa saa nane na nusu, waende kumuuliza kwa adabu. Mtu akajibu hiyo adabu kwa picha ya rungu.

Wengine walikuwa wanamwita fundi. Admini yuko wapi? Admini toa hiyo namba. Admini umelala?

Fundi akafungua orodha ya wanachama, akashuka mpaka kwenye jina la Spidi, kidole kiko tayari kumtoa, na hapo ndipo alipokumbuka. Namba hiyo aliiingiza yeye mwenyewe. Kila nyumba namba moja. Mama wa Spidi alikuwa na kisimu cha tochi, cha kupiga na kupokea basi, kwa hiyo alimwambia weka ya mwanangu, tutaangalia wote. Haikuwahi kuwa namba ya mtoto kundini. Ilikuwa namba ya nyumba yao. Lakini kila mtu aliihifadhi kwa jina la mtoto, na fundi mwenyewe, bingwa wa sheria, ndiye aliyesahau wa kwanza. Siku nne walikuwa wanamvua nguo mtoto wa watu mbele ya mama yake, na mama yake anasoma: sumu, madawa, mapenzi, mpaka dawa ya minyoo ya mbwa.

Akaandika haraka: Jamani, anayesoma ni mama yake. Simu anayo mama. Msiende. Kocha akamjibu palepale: UMEJUAJE, ADMINI? Kisha stika zikamiminika, na rungu lingine, na ujumbe wake ukazama huko juu, hakuna aliyeuona tena. Fundi alinyanyuka na futi yake shingoni, akamwambia mdogo wake narudi sasa hivi, akatoka anakimbia. Mwanamke wa makamo, viatu vya wazi, anakimbia juani. Muuza vocha alimuuliza kuna moto wapi, shosti. 

Mlango wa wafiwa ulikuwa umeegeshwa tu, wageni wa msiba wameshatawanyika. Sebuleni, mjomba aliyekuwa anatafutwa alikuwa amelala kwenye kochi mdomo wazi, na sare yake ya ulinzi imetundikwa msumarini. Hasalimii watu kwa sababu anakesha lindoni na mchana analala, ndiyo maajabu yake yote. Mama wa Spidi alikuwa amekaa sakafuni karibu na soketi, maana waya wa chaja ni mfupi na simu haikai bila umeme. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa dawa ya kufulia. Anafua mashuka hospitali miaka tisa sasa. Kwenye goti alikuwa na daftari la shule la mwanawe, na kalamu.

Fundi akapiga magoti. Akaomba radhi kwa maneno yasiyo na mpangilio, kwamba alisahau, kwamba analifunga kundi dakika hii, analifuta kabisa, kwamba wanaume wako njiani na kaka aamshwe.

"Usilifunge," mama wa Spidi akasema.

"Lakini wanayoyaandika, dada yangu."

"Nayasoma yote. Uongo nauacha upite. Nangoja mtu aseme alimwona."

Akaligeuza daftari amwonyeshe. Alikuwa ameandika saa, moja chini ya nyingine, kwa mwandiko wa mtu asiyeandika mara kwa mara. Saa moja asubuhi, nyumbani. Saa sita, shule imewaachia. Simu, kwenye chaji. Saa kumi na mbili, ngazi. Katikati palikuwa peupe. Alisema wako watu mia moja na arobaini mle ndani, kila mmoja anajua kilichomuua mwanawe, na hakuna hata mmoja aliyemwona akipita. Mtoto mrefu vile, mchana kweupe. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetafuta ufunguo na ameshapekua mifuko yote.

Nje kulianza kusikika viatu na sauti za wanaume. Fundi alijua kwamba akinyamaza sasa, atanyamaza mpaka anaingia kaburini, na mwanamke huyu atazeeka na nafasi nyeupe kwenye daftari.  Akapiga moyo konde.

"Alipita kwangu," akasema.

Mama wa Spidi hakushtuka. Aliweka kalamu kwenye karatasi. "Saa ngapi?"

"Saa kumi kasoro robo."

Akaandika. "Alisema nini?"

"Kifua kinambana. Akaomba akae."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia kiti kina nguo."

Kalamu ikasimama. Fundi akafumba macho, akangoja kofi, au tusi, au kufukuzwa, na kwa kweli alikuwa anavitamani vyote vitatu. Havikuja. Alipofumbua, mama wa Spidi alikuwa anautazama ule mstari wa juu kabisa, wa saa moja asubuhi.

"Na mimi aliniambia hivyo hivyo," akasema. "Hapo, amesimama anafunga viatu. Nikamwambia anatafuta njia ya kukwepa mtihani wa hesabu." Akavuta pumzi. "Siku nne nasoma humu nione kama kuna mwingine. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Fundi alilia. Alilia kwa uchungu na kwa aibu, na aibu ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi, mpaka mjomba akaamka kwenye kochi na kuuliza kuna nini. Mama wa Spidi hakulia. Labda alikuwa amemaliza. Alimpa fundi simu ya mwanawe, waya bado umo ukutani, akamwambia yeye herufi za simu hajazizoea, amwandikie. Akamtajia neno moja moja. Lilipofika jina la aliyekataa kumpa mtoto kiti, alisema hilo unaweza kuliruka. Fundi hakuliruka.

Mimi ni mama yake. Simu aliiacha kwenye chaji. Asubuhi aliniambia kifua kinambana, nikamwambia aende shule. Saa kumi kasoro robo alimwambia fundi cherehani, akamwambia aende nyumbani. Nani mwingine aliambiwa? Siulizi kwa ubaya. Nataka saa tu.

Akatuma. Nje ya mlango simu zikaita zote kwa pamoja, kisha sauti zikapungua, zikakatika. Kupitia pazia fundi aliwaona, wanaume kama kumi na wawili, vichwa vimeinamia viganja vyao. Mwenye rungu, maana kumbe rungu lilikuwepo kweli, alilificha nyuma ya mguu kama mtoto aliyekutwa na sukari. Mmoja akaondoka. Wawili wakamfuata wakijifanya wana shughuli. Baada ya muda akabaki Kocha peke yake mbele ya nyumba, kofia mkononi, anausoma ujumbe ule tena na tena, ingawa haukuwa mrefu.

Alikuja mpaka kizingitini, akakaa hapo hapo chini, mgongo kwa ndani, uso kwa nje. Hakumtazama mtu.

"Saa saba na nusu," akasema. "Uwanjani. Alisema kifua. Nilimwambia mashindano ni wiki ijayo, aache uvivu, aongeze mizunguko miwili."

 Mama wa Spidi akaliweka daftari sawasawa gotini, akaandika saa saba na nusu, akaandika uwanjani. Kisha akainua kichwa.

"Aliimaliza?"

Kocha aliibana kofia kwa mikono miwili. 

"Aliimaliza, mama. Yote miwili."

Mama wa Spidi akaandika na hilo.