Vidonge vya Usi

Mimi Makungu hasira zangu za karibu, Chwaka nzima inajua. Mwaka wa hamsini na nne masika iliikata njia ya mjini, na kabati la dispensari yangu likabakiwa na vidonge vya kichomi vya kumtosha mtoto mmoja tu. Jirani yetu Mwatima akamleta mwanawe Usi, anahema mbio mbio. Nikampa vyote, na ukali juu: "Vyake peke yake! Usimmegee mtu. Dawa nusu haiponyi."

Siku ya pili akaanguka wangu mwenyewe, Miraji, maradhi yale yale. Mke wangu Mashavu akanishika miguu.

"Baba Miraji, nenda kaombe nusu."

"Nimnyang'anye mtoto wa mtu? Toba! Siendi."

Nilisema hivyo huku moyo unanipasuka.

Siku ya nne Miraji akakaa kitako, akataka uji. Nikalia bila haya, nikasema Mungu kanilipa uadilifu wangu. Mashavu akainama, anakoroga uji.

Nikatoka kifua mbele kwenda kumtazama Usi. Lahaula! Macho yamegeuka, pumzi za kuhesabu. Hasira zikanipanda.

"Ulimpa dawa wewe, au umekimbilia kwa waganga wako?"

"Nlimpa, daktari."

"Vyote?"

Akatazama mkeka. Nikampigia kelele, nikamwita muuaji. Mimi huyu! Ndipo akasema polepole:

"Niahidi hutompiga Mashavu."

Nikamwapia.

"Alikuja analia. Usi kazaliwa mikononi mwake, mie nimnyime? Tukagawana. Juzi Usi kacheka, nikaona kashapona, nikampelekea Miraji vilivyobaki."

Nikarudi nyumbani mbio. Mashavu aliponiona tu akafungua fundo la kanga: kidonge kimoja. Nilikichukua, lakini kabla sijafika mlangoni kwa Mwatima nikasikia wanawake wanalia.

Tulimzika Usi alasiri. Baadaye nikaenda kwa Mwatima kutoa mkono wa pole, kidonge bado kimo mfukoni. Nilitaka kumwomba radhi kwa lile neno la muuaji. Akaniwahi yeye.

"Miraji hajambo?"

"Hajambo."

"Alhamdulillahi," akasema Mwatima, akajifunika kanga usoni.